Swali Lako, Achieng', Nalijibu Mbele ya Watu

Mpendwa binti yangu Achieng',

Ujumbe wako ulinikuta nikifunga spika juu ya pikapu, tayari kwa safari ya kesho yake ya Awendo. Nikausoma, nikashuka, nikakaa juu ya kreti ya soda. Mama yako akatoka jikoni akauliza nani amekufa, maana katika nyumba hii mimi nikinyamaza, watu huanza kutafuta leso. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni Achieng' ameuliza swali.

Uliandika hivi kutoka Uholanzi: "Baba, hapa wamenipa cheo cha juu zaidi. Lakini nimeona tangazo, kuna shirika dogo Homa Bay linatafuta mtu wa kuendesha vikao vya wananchi. Kazi ndogo, mshahara mdogo. Moyo wangu unataka ile ndogo. Nikirudi, utawaambia nini watu?"

Ningeweza kukupigia simu. Ila wewe unajua, na kaunti mbili zinajua, kwamba nilipokutangaza sikukutangaza kwenye simu. Nilikutangaza kwenye maiki, mbele ya majeneza, kuanzia Rongo mpaka Mbita. Marehemu wengi wa sehemu hii wamezikwa wakijua habari zako kuliko habari za watoto wao. Basi jibu nalo lipite hadharani. Nimeliandika kwa mkono wangu, kwa herufi za darasa la sita, mahali ambapo mimi na shule tulikosana. Mhariri akinyoosha sarufi nitamshukuru, lakini majigambo aniachie, ndiyo mali niliyo nayo.

Kwa wale wasionijua, na sijui wanaishi pori gani, mimi ni MC wa mazishi. Zamani nilikuwa taniboi, utingo wa malori. Nimeiona Kampala, Mwanza, Bukavu na Lubumbashi, nimelala kwenye mipaka ambako hata mbu wanaulizwa pasipoti. Nilirudi nyumbani na kitu kimoja tu cha maana, sauti. Nikanunua spika, nikanunua jenereta, nikajiajiri kwa wafu. Kazi hii haina msimu mbaya.

Na kwa mgeni wa huku, nieleze jambo ambalo wewe unalijua tangu tumboni. Kwetu mazishi ndiyo mkutano. Ukikosa harusi ya ndugu yako utasamehewa mwaka ujao, lakini ukikosa mazishi utaulizwa mpaka na wewe uzikwe. Kwa hiyo kila mwenye neno la kuwaambia watu hulileta hapo: padri, mkopeshaji, mtafuta mke, na zaidi ya wote, mheshimiwa.

Unakumbuka mwaka ule ulipomaliza chuo ukaja na kazi ya kwanza? Ulishuka hapa nyumbani kwenye gari lenye waya mrefu mbele kama fimbo ya kuvulia samaki, umevaa fulana yenye maandishi kifuani na mgongoni. Ulisema mradi wenu ni wa demokrasia, kuwafundisha wananchi kuingia kwenye bajeti ya kaunti. Nikakuuliza, "Demokrasia ni kazi au ni homa?"

"Ni kazi, Baba. Ina mshahara na bima."

"Basi ni kazi. Homa haina bima."

Ulitaka kunishangaza, hukuniambia ratiba. Ukaitisha mkutano wako wa kwanza siku ya Jumamosi. Wewe, mtoto uliyelelewa na jenereta la mazishi, ukaitisha mkutano Jumamosi. Nairobi walikubali kwa sababu Jumamosi watu hawako kazini, na walisema kweli, hawako. Wasabato wako kanisani tangu asubuhi, na Wakatoliki wa upande wa Asumbi pamoja na wengine wote wako msibani. Nadhani hakuna mtu wa nje ambaye angekosea hivyo. Mtu wa nje angeuliza kwanza. Wewe ulikuwa wa hapa, ukaona huna haja ya kuuliza.

Nikiwa katikati ya kusoma majina ya wakwe, simu yangu ikatetemeka.

"Baba, watu wako wapi? Nina hema, nina viti, nina maji ya chupa, na nina mgeni kutoka kwa wafadhili. Watu hawapo."

"Watu wako hapa kwangu."

"Kwako wapi?"

"Tunamzika Mwalimu, baba yake Odhiambo. Chukua mgeni wako uje. Na hayo maji ya chupa uje nayo, huku jua ni kali."

Mkaja. Mgeni wako, yule mama wa Kizungu, alivua viatu mtoni kama sisi sote, kwa sababu mto ulikuwa umekata barabara. Gari la maiti lilikwama ng'ambo, na Mwalimu alivuka juu ya mabega ya wanaume walioshika viatu vyao kwa meno. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Sikupenda kumwona akivuka vile, na ingawa nilifanya mzaha kwenye maiki, wewe uliniona nikijifuta uso.

Nikakupa nafasi ya kuongea, baba akimpendelea mwanawe, ndiyo, na nani atanishtaki. Ukasimama vizuri, ukaanza: "Ushirikishwaji wa umma katika mchakato wa maandalizi ya bajeti." Watu wakakutazama kama mbuzi wanaotazama ndege. Ndipo mjane, Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo, akiwa bado ameketi kwenye mkeka wake, akasema kwa upole tu, "Nyathina, mwanangu, hayo maneno yako ni marefu. Je, yanafika mtoni?"

Ulishusha maiki. Nilidhani utalia. Hukulia, ulikuwa unafikiri, na nikiwa na akili yangu ya nusu shule niliona kwamba unafikiri.

Aliyefuata kwenye ratiba alikuwa mheshimiwa wa wadi. Jina simtaji, ni rafiki yangu sasa, na pia ana mawakili. Akanyoosha mkono kuchukua maiki. Nikampa, kisha nikaivuta kabla vidole havijafunga.

"Karibu, Mheshimiwa. Ila sisi watu wa msiba tuna kumbukumbu mbovu, tusaidie kidogo. Tulipomzika mama mkwe wa Ogola, huyu fundi wetu wa mageti, hapo ng'ambo, ulisimama hapohapo ukasema kalavati, kidaraja cha mto huu, itafika kabla ya mvua. Mvua tumeiona. Hiyo kalavati ilipotelea njia gani?"

Watu wakacheka mpaka waliokuwa jikoni wakaja kuona. Mheshimiwa akaninong'oneza kwa hasira, na maiki ikamchukua, "MC, hapa ni msibani."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Hata siku ile ulipoahidi ilikuwa msibani."

Mimi nilikuwa nachekesha tu. Hiyo ndiyo kazi yangu, nachekesha watu ili waweze kubeba walichokuja kubeba. Wewe ndiye uliyeona kwamba hapo kuna mlango. Kicheko kilipokuwa bado kinazunguka, ulisimama bila maiki, ukasema maneno ambayo hata mtoto wa chekechea angeyabeba nyumbani: "Wiki ijayo kaunti inasikiliza wananchi kuhusu bajeti, kwenye ukumbi wa Homa Bay. Nani atakwenda kuuliza habari za mto?"

Mikono ikainuka. Na wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Min Odhiambo.

Hapo ndipo shida ilipoingia, unakumbuka. Mjane aliyetoka kuzika hapigi hodi kwenye boma la mtu mwingine kabla siku zake za maombolezo hazijaisha. Tuliookoka tunasema tumeyaacha hayo, lakini tunayaacha kwa mdomo, miguu bado inakataa. Wazee wakaanza kusogeza viti. Na rafiki yangu Ogola, mchomeleaji mageti, ambaye hujifanya mwanasheria kila akiona watu wamekaa, akasimama.

"Tuulizane taratibu. Huo ukumbi wa kaunti ni boma la nani?"

"La gavana," akasema mmoja.

"Gavana analala pale?"

"Halali pale. Analala kwake."

"Kuna mwanamke anayepika pale?"

"Wanapika chai."

"Chai si moto wa boma. Kuna kaburi pale? Kuna mtu aliyezikwa nyuma ya huo ukumbi?"

Hakuna. Wakatazamana. Kisha kaka mkubwa wa marehemu, mzee ambaye huongea mara moja kwa mwaka na siku hiyo ilikuwa zamu ya mwaka, akasema, "Kama si boma la mtu, basi ni letu sote. Na kama ni letu sote, akienda pale ni kama amekaa kwake. Aende."

Achieng', mimi nimesikiliza semina za demokrasia kwenye mahoteli, umenipeleka mwenyewe, nimekula keki zao. Sijasikia mtu mwenye digrii akiieleza serikali vizuri kuliko wazee wale waliokuwa wanatafuta tu kama mjane anaruhusiwa kuingia mlangoni. Yule mgeni wenu alikuomba umtafsirie, ukamtafsiria, akauliza tena kana kwamba hakuamini. Ulimtafsiria mara ya pili, neno kwa neno.

Min Odhiambo akaenda, na nguo zake za msiba. Nilikwenda pia, nani angeniacha nyuma. Ofisa mmoja akataka kumweka safu ya mwisho, mjane akasema hapana, mimi niko kwangu, akakaa mbele. Zamu yake ilipofika alisema, "Mume wangu alivuka mto juu ya mabega ya watu. Mimi nataka nikivuka, nivuke kwa gurudumu." Akakaa. Hakuongeza hata salamu. Nilimwonea wivu, maana mimi kwa maneno kama hayo ningechukua saa nzima na bado ningeomba maji.

Kalavati ilikuja. Haikuja kesho yake, lakini ilikuja, nami nimeipita na pikapu yangu mara nyingi, na kila nikipita napiga honi hata kama hakuna mtu.

Kutoka hapo tukawa na kanuni yetu, wewe na mimi. Popote nilipokuwa MC, mwanasiasa hapewi nafasi ya kutoa pole kabla hajasema ahadi ya msiba uliopita imefika wapi. Wewe ulikuwa ukisimama kando na kusema kikao kijacho kiko wapi. Tulizunguka, binti yangu. Rangwe, Ndhiwa, Sori, tukavuka mpaka Muhuru. Ofisi yako ilitulipia mafuta, familia zilitulipa kwa kuku. Waheshimiwa wakachukia, wakaanza kuleta spika zao wenyewe na MC wao wenyewe, kijana aliyevaa suti ya kung'aa kama bati jipya. Kwa muda nilikosa kazi kweli. Wewe ulikuwa unahuzunika kwa niaba yangu, unakula kidogo, unadhani sioni. Mpaka nyumba moja kule Ndhiwa ikamwambia kijana wa suti, "Maiti ni wetu, na maiki ni yetu. Tunataka yule mwenye maswali." Siku hiyo nilijisikia mrefu kuliko minara ya simu.

Kisha wafadhili wakahama. Ulijaribu kunieleza, kwamba huko kwao sasa wanapenda mambo mengine, kwamba demokrasia imetoka kwenye fasheni. Nikakuambia hata ng'ombe wakihama malisho, nyasi hubaki. Lilikuwa neno zuri, ila halikulipa kodi ya ofisi. Wakaweka saluni pale palipokuwa na meza yako.

Ukarudi jikoni kwa mama yako. Nayaweka haya hapa kwa sababu watu wanajua tu Achieng' wa ndege. Hawamjui Achieng' aliyekaa kwenye kigoda miezi mingi akiandika maombi ya ruzuku kwenye kompyuta yenye betri gonjwa. Ombi moja liliuliza watu walionufaika ni wangapi. Nikakuuliza, "Na marehemu wahesabiwe? Maana walikuwepo kila kikao, na hakuna aliyeondoka mapema." Ulicheka ukalaza kichwa mezani, na sikujua kicheko kiliishia wapi na machozi yalianzia wapi. Mama yako akakusogezea uji.

Na ile barua pepe uliyokuwa unapokea kila wiki. Ilileta habari za dunia yenu yote: nani ametoa ruzuku, nani amefunga mlango, nani anatafuta mtu wa kusimamia uchaguzi wapi. Ulikuwa unatusomea kwa sauti mama yako akichambua omena, dagaa wa ziwa letu. Mwanamke huyu ambaye hajavuka Kisumu alizijua nafasi za kazi za demokrasia mpaka Amerika ya Kusini. Alikuwa anakata shauri haraka: "Hiyo mbali. Hiyo vita. Hiyo mshahara hawasemi, waongo hao." Siku uliposoma ile nafasi ya Uholanzi, uliyokuja kuipata, na jina la yule mgeni aliyevua viatu mtoni likiwa chini yake, hakukata shauri. Aliendelea kuchambua omena ambayo tayari ilikuwa safi.

Kabla hujaondoka tulikuwa na kazi moja Rusinga. Kijana wa pikapu alikuwa amechelewa, tukavuka daraja la Mbita kwa miguu, wewe umebeba maiki, mimi nimebeba nyaya shingoni kama mganga. Upepo ulikuwa mkali, ziwa limechafuka. Uliniuliza ghafla, "Baba, ukimvuta mheshimiwa maiki mbele ya watu wote, huwa huogopi?"

"Naogopa sana."

"Haionekani."

"Ndiyo maana nachekesha. Mtu anayechekesha, mikono yake hutetemeka watu wakidhani anacheza."

Ulinishika mkono wenye nyaya, tukaenda hivyo mpaka mwisho wa daraja. Sijamwambia mtu jambo hilo mpaka leo, na leo nimewaambia wote, basi.

Ulipokwenda nilianza kukutangaza. Nilisema binti yangu sasa ndiye anayewapa wafadhili ruhusa ya kufadhili. Nilisema ana ofisi yenye lifti. Ogola aliniuliza kama lifti ni yako peke yako, nikasema mnagawana na malkia. Wewe nawe ukipiga simu ulinieleza kazi ilivyo kweli: maombi yanafika kwenye meza yako kutoka nchi usizowahi kukanyaga, nawe unasema huyu apewe, huyu asipewe. Nikasema hiyo ni kazi ya Mungu, ina likizo? Ukacheka. Halafu ukasema kitu ambacho nilikipita haraka siku ile, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kujisifu. Ulisema, "Yote yameandikwa vizuri, Baba. Nasoma nikitafuta mtu mmoja ndani yake anayetaka kuvuka mahali. Mara nyingi simpati."

Sasa umeniuliza swali lako, na mimi nikanyamaza. Nyumba iliogopa. Nilikwenda kwa Ogola kwenye karakana yake, nikamweleza, akavua miwani ya kuchomelea anitazame vizuri.

"Omera, ndugu yangu, mtu anatoka Ulaya anakuja Homa Bay kwa mshahara mdogo? Hiyo ni kuruka kutoka kwenye lori likiwa linapanda mlima."

"Wewe umepanda lori gani maishani mwako?"

"Nimepanda lako. Kila msiba unatupandisha Uholanzi kwa nguvu. Akirudi utasema nini? Watasema amefukuzwa. Watasema amerudi na mimba ya Mholanzi."

"Na ikiwa mimba?"

"Mimi nitashangilia. Lakini wewe, kwa jinsi ulivyopuliza, mdomo utauweka wapi?"

Rafiki wa kweli ni huyo, anachomelea mpaka palipo na moto. Nilirudi nyumbani nimejaa hesabu. Nilimwambia mama yako: paa jipya ni pesa za Achieng', dawa zako ni pesa za Achieng', na hizo kazi za hapa hufungwa wafadhili wakipiga chafya. Cheo cha juu hakirudi mara mbili. Nilisema yote, na yote ni kweli, na bado ni kweli leo, usije ukasema sikukuonya.

Mama yako alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Amekuuliza habari za paa?"

"Hapana."

"Amekuuliza kama kazi hiyo itadumu?"

"Hapana. Ameuliza nitawaambia nini watu."

"Basi mtoto anauliza kama akija bila Uholanzi, bado atakuwa binti wa kutangazwa. Mjibu hilo. Mengine ana digrii, atajijibu."

Nikakaa kitandani nikajiona mjinga, jambo ambalo hunitokea mara chache na huwa halikai.

Ijumaa nikaenda Awendo. Tulikuwa tunamzika mama mmoja mkulima wa miwa, familia kubwa, watu mpaka kwenye barabara. Mheshimiwa wetu alikuwepo pia, alikuja kama jamaa ya wafiwa. Wakati chakula kinasubiriwa, mahali pale ambapo kila mara natia hadithi ya lifti, nikashika maiki na lifti nikaiacha. Nikasema:

"Jamaa zangu, mnamjua Achieng' wangu."

"Tunamjua," wakaitikia, na wengine wakaguna, maana wamechoka kumjua.

"Kule aliko wamempa cheo kikubwa zaidi. Amesema anataka kukiacha, arudi hapa aendeshe vikao vya wananchi."

Kisha kijana mmoja kutoka nyuma, "Sema tu amefukuzwa, Mzee."

Watu wakacheka. Na mimi, Achieng', nikacheka nao, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri na ningekuwa nyuma ningekisema mimi. Nikamwambia, "Kijana, asiyetakiwa na watu haombwi kupanda ngazi. Huyu ameombwa apande, akatazama chini, akaona nyinyi. Sijui ameona nini, kwa sura hizi. Lakini ameona nyinyi." Nikataka kuongeza mzaha mwingine. Haukuja. Nikasema tu, "Nami najivunia kuliko siku aliyopanda ndege."

Kilichofuata sikukitarajia. Mama mmoja aliyetoka Homa Bay, mwenye kinu cha kusaga, akauliza, "Atakaa wapi? Mimi nina chumba kando ya kinu, kina meza na dirisha. Kelele zipo lakini kelele zinaisha saa kumi." Akina mama wa kanisa wakasema viti vyao vya plastiki havina kazi katikati ya wiki. Mwingine akasema watu wakikutana kwenye kivuli cha nyumba yake hatadai kitu, atadai tu wasikojoe kwenye ua. Mzee mmoja alitaka kukupa jogoo, nikamwambia angoje ufike, jogoo huyo anaonekana ana mipango yake. Walikuwa wanatoa, Achieng', bila mtu kuwaandikia ombi. Na mheshimiwa akaja akanishika bega akasema, "MC, mwambie afikirie vizuri, Ulaya ni kuzuri." Nikamjibu nitamwambia. Nimekuambia.

Jana nikatuma mtu akapake rangi kile chumba cha kando ya kinu. Nyeupe juu, kijani chini, kama zahanati, ndiyo rangi iliyokuwepo. Mama yako ameshona pazia. Ogola anatengeneza geti dogo la mlango, na amekataa nimlipe, anasema ni mchango wake kwa demokrasia, ila lazima jina lake lionekane. Nimemwambia ataliandika upande wa ndani.

Usitume pesa za mwezi huu, weka za safari. Uage watu wa huko vizuri, hasa yule aliyevua viatu. Ukifika na hiyo kazi ikafungwa tena, kigoda chako kiko jikoni na uji upo, utakaa utufanye tuchambue omena ya dunia nzima upya. Nimezika watu wengi, mwanangu, nimesoma wasifu wao kwa sauti yangu nzuri, na hakuna familia iliyowahi kuniomba nisome mshahara.

Sasa swali lako. Uliuliza ukirudi nitawaambia nini watu. Limechelewa hilo. Watu nimeshawaambia, kaunti mbili zimesikia, na chumba kimepakwa rangi. Ukibadilisha mawazo ukabaki huko, hapo ndipo sitajua mdomo niuweke wapi.

Ni mimi, baba yako, ambaye tayari ameshasema.